Mama wa Mapokezi Aliyetoa Neno la Siri

Habari ya kifo chake nililetewa kwa simu na mpwa wake, na jambo la kwanza nililofanya ni kumwambia akate, nimpigie mimi kwa namba ninayoijua. Mpwa akacheka katikati ya kilio: "Kumbe shangazi alikuharibu na wewe!" Aliniharibu, naam. Mama huyo, mzaliwa wa Ujiji, alikaa miaka mingi mapokezi katika hospitali moja ya hapa kwetu Kigoma, na wasomaji mtaniwia radhi nikimsimulia huku nikitabasamu, maana hakuwa mtu wa kuliliwa kwa uso uliokunjamana.

Alikuwa na maneno mengi mno. Ukifika na homa zako, kabla hajakuuliza jina ameshauliza mvua za Kidahwe na harusi ya binti yako. Kumkatisha mtu salamu kwake ulikuwa utovu wa adabu, na aliyemwamkia kwa Kiha alikuwa tayari ndugu. Basi asubuhi moja simu ikaita. "Mwakeye, mama!" Mpigaji akamwamkia hivyo kwa Kiha, akaulizia wazee, akaulizia mashamba, wakacheka sana, kisha akasema yeye ndiye fundi mpya wa kompyuta, anaomba neno la siri arekebishe hitilafu. Angemnyimaje mtu aliyemuulizia mama yake mzazi? Akampa.

Kabla ya adhuhuri kompyuta zikagoma, skrini zikidai malipo ili mafaili ya wagonjwa yafunguliwe. Wodini alikuwepo mjamzito aliyeletwa hajitambui, akisubiri upasuaji. Muuguzi alikumbuka kwamba kuna sindano iliwahi kumdhuru, lakini jina la sindano hiyo lilikuwa kwenye faili lililofungwa, pamoja na namba ya simu ya mume wa mgonjwa. Wenzake wa mapokezi, ambao hawakuelewa madai yale ya kwenye skrini, wakalaumu umeme, wakasema tusubiri, mambo yatakaa sawa. Mama akasimama. "Msisubiri kitu. Mimi ndiye nimempa mtu neno la siri. Nitukaneni baadaye." Fundi wa hospitali akakimbia kuchomoa nyaya za mtandao za kompyuta za maabara na za dawa kabla hazijafikiwa, zikasalimika. Mama akapanda bodaboda hadi soko la Katonga, kwa kuwa katika soga zake alishajua mume wa mgonjwa hununua dagaa pale. Aliingia sokoni akiita jina la yule bwana kwa sauti, watu wakaacha kazi wakidhani kuna fumanizi.

"Sindano gani ilimdhuru mkeo?"

"Penisilini! Ilimvimbisha uso wote. Kwani kuna nini, mama?"

Akampigia daktari pale pale. Mtoto alizaliwa siku ile ile, na mama yake akapona.

Tangu hapo alibadilika kidogo tu. Niliwahi kumpigia nikitaka kujua hali ya binamu yangu aliyelazwa. Tukaamkiana, tukataniana, nilipouliza anaumwa nini akasema, "Shemeji, njoo umwone mwenyewe. Kwenye simu sikujui." Nikalalamika kwamba tumezungumza muda wote huo. "Hata yule tulizungumza vizuri," akajibu, akacheka hadi nikashindwa kununa.

Hospitali zetu zinaingiza kompyuta, nami nafurahi, lakini tunafikiri mwizi atakuja kwa utaalamu wa ajabu, kumbe anakuja na salamu. Wapo wanaoshauri wafanyakazi wa mapokezi wawe wakavu kama kuni. Mimi sikubali, maana soga zile zile ndizo zilizosaidia kumpata mume kule Katonga. Waulizie watu habari za nyumbani mpaka uchoke, ila neno la siri usimpe hata aliyekuzaa.

Ninalomheshimia zaidi ni kule kusimama. Angeweza kukaa kimya, na pengine asingejulikana hata leo. Maofisini tumejaa watu wazima tunaoogopa kufokewa, tukibofya tusichostahili kubofya tunazima skrini na kwenda kunywa chai. Angenyamaza kulinda heshima yake, daktari angechagua sindano kwa kubahatisha. Kwa hiyo wewe uliyekosea leo, sema sasa hivi. Utaona aibu, na utaizoea. Kuna mtu wodini hawezi kukungoja.