Toka, Uingie Tena

Shangazi yangu alianza kwa kutengeneza redio, ndiyo maana mpaka leo tunamwita Bisibisi. Sasa anatunza seva ya chuo, mashine moja ya Linux iliyobeba kompyuta pepe saba ndani yake.

Mkuu wa chuo alileta mtaalamu wa kuzisimamia. Shangazi akamwandikisha kwenye kikundi cha wenye ruhusa, lakini kila mtaalamu akijaribu kujiunganisha nazo, seva inamkatalia. Saa nzima!

"Seva imeoza," mtaalamu akatangaza, akichomoa flashi mfukoni na kuiweka mezani. "Tufute kila kitu, tusimike upya."

Damu ikanichemka. Mtu kaja leo, kitasa kimemgomea, anataka kubomoa nyumba!

Shangazi hata sauti hakupandisha. "Bwana mtaalamu, tangu nikuandikishe, umetoka kwenye akaunti yako ukaingia upya?"

"Mimi huwa sitoki, mama," akajibu kwa maringo. "Niko ndani tangu asubuhi."

"Basi seva inakujua kama ulivyokuwa asubuhi, kabla sijakuandikisha. Toka."

Akatoka, akaingia. Kompyuta zote saba zikajipanga kwenye skrini. Mkuu wa chuo akapiga makofi peke yake.

Shangazi akaichukua ile flashi mezani, akamkabidhi mtaalamu kwa mikono miwili. "Usije ukaisahau, baba."