Rangi ya Mkojo wa Asubuhi

Kule milimani Kivu ya Kusini, baba yangu hakuwafungulia ng'ombe kabla ya kuwaona wakikojoa. Alfajiri alisimama nyuma yao akitazama rangi. Mwenye mkojo mwekundu, dalili ya ugonjwa wa kupe, alibaki zizini, na mimi binti yake nilibaki naye kumkatia majani. Nazikumbuka sana asubuhi hizo, na harufu ya samadi na maziwa.

Huku Uganda, katika kambi ya Nakivale, kijijini kwetu Juru, hatuna ng'ombe; tuna maharage. Baba amezeeka na macho yake yana ukungu. Tangu mama afariki, mimi ndiye ninayemwaga kopo lake la mkojo wa usiku, jambo lililomwaibisha kuliko njaa. Asubuhi moja nikaona damu ndani yake. Nilipomwambia, alisema kupe wamemfuata mpaka ukimbizini.

Hospitalini Mbarara, daktari alikuta uvimbe kwenye kibofu. Akaeleza kwamba kwa mzee mwenye moyo dhaifu si lazima kupasua tumbo: angechomwa sindano ya ganzi mgongoni, kisha wapitishe kifaa chembamba chenye kamera katika njia ile ile ya mkojo, waukate uvimbe humo humo. Baba akauliza tangu lini mgeni akaingilia mlango wa kutokea. Daktari alicheka, mimi nilitazama ukuta kwa aibu.

Baada ya uvimbe kukatwa walimwekea mpira wa kusafisha kibofu kwa maji, yakawa yanashuka mekundu kwenye mfuko kando ya kitanda. Mimi nililala mtaa wa Nyamitanga kwa dada mmoja wa kanisani, na kila asubuhi nilimkuta baba ananingoja, maana rangi hakuweza kuiona mwenyewe.

"Kama miye niko ngombe," aliuliza, "leo unanifungulia?"

"Bado, Baba."

Maji yalipotakata nilimwambia atoke akale majani. Tulicheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini.

Alirudi nyumbani bila kovu hata moja. Lakini daktari alituonya kwamba uvimbe wa namna hii una tabia ya kurudi, basi tusiache kwenda kupimwa, na damu ikionekana tusingoje. Tangu hapo swali lile limekuwa salamu yetu ya asubuhi, na aibu imekwisha.

Juzi aliuliza tena, nami nikaliweka kopo chini bila kulimwaga; mkojo ulikuwa mwekundu. Alilisikia likitua, akaketi kitandani.

"Basi nabaki mu zizi," akasema. "Na weye, enda ukate majani."

Nilitoka nje nikalia kwanza. Kisha nikaenda kutafuta gari la Mbarara.