Kyuteksi ya Kamera ya Baba

Mwaka wenyewe siujui kwa hesabu, naujua kwa tumbo. Ulianza na mahindi ya manjano ya msaada na ukaisha na mbaazi. Kama ulikuwa mtoto Ikutha wakati ule, ushajua nasema mwaka gani. Ngima, ugali wetu, ilikuwa ya manjano kama kiini cha yai na ilinuka gunia. Tuliila asubuhi, tukaila jioni, na aliyekunja uso aliambiwa na mama yake, "Kunja vizuri, lakini ukimaliza sahani." Halafu mvua ikaja, ile mvua ya kuangusha choo. Kunde zikatambaa mpaka mlangoni, mbaazi zikazaa mpaka miti ikainama, tukala muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na mbaazi, hadi matumbo yakalia kama ngoma. Na watu wakishiba wanafanya nini? Wanaoana! Harusi zote zilizokuwa zimelala na njaa ziliamka pamoja, Jumamosi hii na Jumamosi ile, na kila harusi ilimtaka baba yangu.

Baba alikuwa mpiga picha. Kutoka kwetu mpaka ufike Mutomo hakukuwa na mwingine. Alikuwa na baiskeli nyeusi, koti moja la kahawia, na kamera aliyonunua kwa Mzungu mmoja wa kutengeneza barabara aliyekuwa anarudi kwao. Hiyo kamera haikuwa ya kuelekeza tu na kufinya. Ukichungulia kwa kidirisha chake, katikati kulikuwa na kidoa cha manjano, manjano ile ile ya ngima ya msaada. Ndani ya hicho kidoa mtu mmoja alionekana wawili: mwenyewe, na mwingine hafifu kama mzuka amesimama kando yake. Baba alizungusha pete ya lenzi polepole, mzuka ukatembea, ukaingia ndani ya mwenyewe, wakawa mmoja. Hapo ndipo alifinya. Kwa harusi alikuwa anatangaza kwa sauti kubwa, "Tulieni! Na hao wawili watakuwa mwili mmoja!" Pasta anacheka, wazee wanacheka, bibi harusi anasahau kuogopa, na picha imeshikwa.

Sisi watoto tulimwiga. Kamera zetu zilikuwa viberiti vitupu, filamu ilikuwa jani la mbaazi, na mchezo wenyewe ulikuwa kukunja macho mpaka mbuzi mmoja awe wawili, halafu umrudishe awe mmoja. Wa kwanza kumrudisha ameshinda. Mama alipita na mtungi wake mgongoni akasema, "Endeleeni tu. Siku macho yatakataa kurudi, msije mkaniuliza mlango uko wapi."

Shida ya kamera ilikuwa barabara. Barabara ya Mutomo wakati huo ilikuwa mikunjo-mikunjo kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Na ndani ya kamera kulikuwa na skrubu, ndogo kuliko punje ya mtama, iliyofanya macho yake mawili, la mwenyewe na la mzuka, yakubaliane. Baiskeli ikitetemeka, skrubu inalegea kidogo, inazunguka kidogo. Wewe kwa kidirisha unaona watu wamekuwa mmoja, kumbe kamera inakudanganya mchana kweupe.

Kwa hivyo kila asubuhi, kabla ya chai, baba alisimama nyuma ya ghala, akazungusha pete mpaka mwisho, pale pa vitu vya mbali kabisa, akachungulia kilima cha upande wa mto Athi. Kilima kikiwa kimoja, anakuja kunywa chai akipiga mluzi. Kikiwa viwili, chai inapoa. Anafungua kifuniko kidogo na kuirudisha ile skrubu kwa spoki ya baiskeli aliyoiponda ncha ikawa bisibisi. Alikuwa na msemo wake: "Kilima hakihami. Ukiona viwili, aliyehama ni wewe." Alitumia huo msemo kwa kamera, kwa majirani wakigombania mpaka, na hata kwa mama, ingawa kwa mama ulimrudia.

Sasa sikiza yaliyompata. Kulikuwa na harusi moja njia ya Mutomo, akaenda na baiskeli, akafika amechelewa, hakutafuta kilima. Filamu ikaenda Nairobi kwa basi, tukangoja, picha zikarudi. Bibi harusi alikuwa ukungu. Bwana harusi, ukungu. Lakini nyuma yao, kando ya choo, kulikuwa na mbuzi ametoka unywele kwa unywele, na ndevu zake, na kamba shingoni. Baba wa bibi harusi aliishika hiyo picha, akaigeuza, akairudisha, akauliza, "Kwani mimi niliozesha nani?"

Sokoni baba akaitwa mpiga picha wa mbuzi. Shuleni, mimi nikiingia darasani, nyuma wanalia, "Meee!" Nilipiga wawili, wa tatu akanipiga.

Na harusi iliyofuata ilikuwa ya msichana aitwaye Ndinda. Mama yake ndiye aliongoza kwaya ya kanisa letu, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Alikuja mpaka kwetu akasimama uani. "Baba Kalunde," akasema, na Kalunde ni mimi, "mbuzi ninao nyumbani, nawaona kila siku. Kwa harusi ya Ndinda nataka kumwona Ndinda." Akaenda zake. Baba akakaa chini, akamwambia mama, "Hii ikiharibika, nauza kamera narudi kwa jembe." Mama alichukua kiondo kipya alichokuwa anasuka, akakijaza pamba ya shamba letu, akasema kamera itapanda humo, shingoni mwa baba, isikae tena kwa keria ya baiskeli. Hivyo ndivyo mama alimpenda mtu. Hakusema mapenzi, aliyasuka.

Pamba ilisaidia, lakini skrubu bado ilihama kidogo. Basi baba akaenda Mutomo kumwuliza fundi wa saa aliyekaa kwa veranda ya duka. Fundi akamwambia, "Ikaze, halafu tia tone la kyuteksi juu yake. Ikikauka haitoki mpaka wewe mwenyewe uitoe."

Kyuteksi! Rangi ya kucha! Wenye umri wangu mnajua kwa makanisa yetu wakati ule hiyo ilikuwa nini. Ilikuwa Yezebeli ndani ya chupa. Baba aliingia dukani akanong'ona, na mwenye duka akajibu watu wote wasikie, "Unataka nyekundu ama pinki, mzee?" Baba akashika iliyokuwa karibu na mkono, akatoka mbio. Ilikuwa nyekundu.

Alifika nyumbani, akaninong'oneza nimfuate nyuma ya ghala. Akalinganisha kilima, akakaza skrubu, akatia tone kwa ncha ya mwiba. Halafu akashika kidole changu gumba akatia tone lingine kwa ukucha. "Hili ni shahidi," akasema. "Likikauka hapa, limekauka kule, na sitaligusa lile la ndani. Sasa ukucha wako na skrubu ni ndugu." Yeye alikuwa anataka tu kujua rangi imekauka. Mimi nilisikia kama neno la Biblia. Niliamini kabisa kwamba ukucha wangu ukifutwa, skrubu itazunguka, na Ndinda atakuwa ukungu maisha yake yote.

Siku mbili tatu kabla ya harusi, akina mama wa kanisa walikuwa kwetu wanachambua mchele, na mama akachukua lile koti kulifua. Akatia mkono mfukoni, akatoa chupa. Nyungo zote zikasimama. Mama akaiinua kwa mwanga, akaona imefunguliwa na imepungua.

"Baba Kalunde!" akaita. "Chupa nimeiona. Kucha zenyewe ziko wapi?"

Baba akaficha mikono nyuma ya mgongo. Na mimi, nikidhani namsaidia, nikainua kidole gumba juu.

"Uuuwi! Yezebeli mdogo!" Mama Ndinda alikuwa wa kwanza kusimama. Alinishika mkono, akachukua gunzi na majivu ya jikoni. "Lete nikufute mtoto, kabla haijaingia damuni."

Nikakunja kidole ndani ya ngumi. Nikasema, "Hii si ya kucha. Hii ni ya kamera. Sifuti."

"Ati unaniambia nini?"

Machozi yalikuwa yanateremka na makamasi yanafuata, lakini nikarudia vile vile: "Hii si ya kucha. Hii ni ya kamera. Sifuti."

Kumjibu mtu mzima hivyo, siku zetu, ilikuwa kofi. Mama yangu aliinua mkono, halafu akauteremsha. Akanitazama, akatazama chupa, akatazama bwana yake. Ndipo baba akatoa mikono nyuma ya mgongo. "Mama Kalunde, njoo uone kilima."

Wakaenda nyuma ya ghala, na wale mama wote nyuma yao na nyungo mikononi. Mama akachungulia, mikono imejaa povu la sabuni. "Naona kimoja," akasema. Baba akachukua kamera, akairudisha kwa kiondo, akapanda baiskeli, akazunguka shamba la mbaazi juu ya mawe na mashina, ameinama kama ametumwa na wazimu, kuku wanaruka kila upande. Akarudi anahema. "Angalia tena."

Mama akaangalia. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. "Bado kimoja," akasema, na kicheko kikamshinda. "Wamama, Bwana asifiwe! Hii chupa imeokoka!"

Kile kicheko! Walicheka mpaka mchele ukamwagika. Kila mmoja akataka kuchungulia, na Mama Ndinda akawa wa mwisho, akakataa kuachia kamera. Chupa mama akaitia kwa sanduku lake la bati, kando ya kitabu cha nyimbo, na ikakaa hapo. Mimi nikabaki na ukucha wangu mwekundu, na hakuna aliyenigusa.

Picha ya Ndinda ilitoka. Uliona shanga moja moja, uliona pini iliyoshika shela, uliona Mama Ndinda nyuma amefungua mdomo kwa wimbo na pengo lake wazi. Alilipenda hilo pengo! Aliitundika ikiangalia mlango, ili kila mgeni aione kabla ya kupewa kiti. Na baba hakuuza kamera.

Niliolewa ng'ambo ya Athi, huku Kathonzweni, na baba alipozeeka akanipa kamera ndani ya kile kiondo. Alisema mwenye ukucha ndiye mwenye skrubu. Darasa la tatu ndilo nilifika, lakini kilima najua kusoma. Nasimama nyuma ya tangi la maji, kabla ya chai kama yeye, na rangi ikianza kupasuka naitoa, nakaza, natia tone jipya. Na lingine kwa kidole gumba.

Wajukuu, wanaoniita Susu, yaani nyanya, wananicheka. Wao simu yao inajua kumfuta mbuzi yenyewe! Wanaita hiyo urembo. Baba yangu angelia. Wanapiga chai picha mpaka inapoa, wanapiga chapati, wanapiga viatu vyao, na ukiuliza picha za mwaka jana unaambiwa, "Susu, ile simu iliibiwa." Sisi tulikuwa na picha moja ya harusi, na siku ilipofika kwa basi tulinawa mikono ndipo tukaishika. Siwasemi vibaya, wana raha yao. Lakini hawajui ule utamu wa kuona watu wawili wakitembea polepole kwa kidirisha mpaka wawe mmoja, na wewe umeshika pumzi.

Jumamosi hii mjukuu wangu Mumbua anaolewa, na amenitafutia filamu Nairobi kwa mkono wake mwenyewe. Anataka picha moja iliyopigwa na Susu. Leo asubuhi kilima kilikuwa kimoja. Mchana akaja msichana wa kucha na mkoba wake, akawapaka wote, kucha ndefu kama za mwewe, sijui watakandaje unga. Akafika kwangu, akaona kidole gumba chekundu na tisa vitupu. Akachukua pamba na dawa.

"Susu, hii moja inaharibu mpango. Nifute, nikupake zote sawasawa."

"Kubali tu, Susu," Mumbua akasema. "Kwa picha itaonekana vibaya."

"Kwani nani anapiga hiyo picha?" nikamwuliza.

Wakacheka. Msichana akashika mkono wangu na pamba yake tayari. Nikakunja kidole ndani ya ngumi.

"Hii si ya kucha. Hii ni ya kamera. Sifuti."