Jembe la Mpini wa Bomba

Nilikuwa nyuma ya jiko la mama, upande wa Nyatike kule Migori, nikilima kijishamba cha sukuma wiki ambacho hakuna aliyenituma. Mimi nikifika nyumbani siwezi kukaa kitini zaidi ya kikombe kimoja cha chai. Mikono huniwasha, lazima nitafute kitu cha kufagia, cha kuhamisha au cha kuharibu. Mama alikuwa ameshaniambia mara mbili nipumzike, akachoka, akaniacha.

Jembe langu likagonga chuma. Nikachimbua kwa vidole, nikatoa jembe jingine, dogo, lililoliwa na kutu. Mpini wake haukuwa wa mti bali kipande cha bomba la maji, kifupi, kutoka kiganja changu hadi kiwiko. Bapa lake nalo lilikuwa jembamba na lina ncha. Nimelima tangu utotoni na sikuwahi kuona jembe la namna hiyo.

Nikaliosha, nikampelekea mama aliyekuwa kivulini akichambua maharagwe. Kabla sijafungua mdomo akasema ni jembe la kupalilia njugu, nilitupe kule kwenye vyuma vikuukuu. Alilitazama mara moja tu kisha akarudi kwa maharagwe yake. Mama yangu ni mtu wa maelezo marefu. Ukimuuliza kuhusu sufuria atakuambia ilinunuliwa soko gani na mvua ilinyesha au haikunyesha siku hiyo. Ufupi wa jibu lile ukanikera, na jioni nilipoondoka nikalitia jembe kwenye mkoba, chini ya mahindi aliyonifungia.

Mimi naishi Homa Bay, nashona sare za shule kwenye kibanda karibu na soko. Mama anaishi peke yake tangu baba afariki, na mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Kwa hiyo kila wiki mbili nasafiri kwenda kumwona, na kila mara narudi nimeudhika. Nilimwomba mara nyingi aje tukae wote. Alikataa kila mara kwa sababu ileile: mwanamke hatoki katika nyumba aliyojengewa na mume wake.

Sababu hiyo ilikuwa na mwiba ndani yake, na alijua unanichoma wapi. Miaka minane iliyopita nilitoka kwa mume wangu na sanduku moja. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama. Alinipa uji, akaniangalia nikiunywa, kisha akanisindikiza barabarani akasimamisha gari la kunirudisha. Sikurudi kwa mume. Nilishukia Homa Bay. Mwaka mzima mama hakupokea simu yangu. Tulipatana baadaye kwa njia ya watu wa nyumbani, yaani bila mtu kusema lolote. Nilifika na sukari, naye akaipokea.

Pale mjini Migori, nikisubiri gari, nilimwonyesha lile jembe fundi wa vyuma anayetengeneza milango. Aliligeuzageuza, akalikwaruza kutu kwa kucha.

"Madam, hii mtu ameitengeneza makusudi," akasema. "Ilikuwa jembe kubwa, akaichoma, akaikunja, akaitolea ncha. Hii si ya palizi. Ukipalilia nayo utaua njugu zote."

Basi mama alikuwa amenidanganya, au alikuwa amesahau. Sikujua lipi lilikuwa baya zaidi. Wiki ile sikushona vizuri. Nilikata suruali ya mwanafunzi mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Nilituma picha ya jembe kwenye kundi letu la simu la akina mama wa kanisa, na majibu yakaja kwa fujo: mmoja alisema ni la kuchimbia viazi vitamu, mwingine kwamba ni la kuchuna katani, wa tatu akanishauri niombe kwanza kabla ya kuligusa tena.

Aliyelijua alikuwa jirani yangu wa sokoni, mama mtu mzima anayeuza omena, dagaa wa ziwani, kutoka Mbita. Alikuja kuchukua sare ya mjukuu wake, akaliona kwenye kona ya meza. Alilichukua, akalala ubavu kwenye benchi langu na leso yake nzuri, akaanza kupigapiga ukuta taratibu, kiwiko kikiwa kimebana mbavuni.

"Unaona? Ndani huwezi kuinua mkono," akasema. "Ndiyo maana wakakata mpini. Mimi nilikuwa naosha mchanga wa dhahabu kule kwenu nikiwa msichana. Wachimbaji walikuwa nazo hizi. Umeitoa wapi?"

Nikamwambia: nyuma ya jiko la mama yangu. Akaketi, akajifuta mikono, akasema hizi hazikupelekwa mbali. Mtu aliificha karibu na shimo lake, asije mwingine akaijua.

Kule kwetu kuna mashimo ya zamani ambayo hakuna aliyeyaandika popote, na ardhi hukaa kimya miaka mingi kisha hufunguka. Masika yaliyopita zizi la jirani lilizama asubuhi moja na ng'ombe wawili ndani. Lilikuwa zizi zima, lenye miti mipya. Mahali nilipolipata jembe ni hatua kumi na tano kutoka ukuta wa chumba cha mama, na ukuta ule una ufa. Nilikuwa nimeuona ule ufa mwaka mzima nikidhani ni kazi mbaya ya fundi.

Sikulala vizuri, na asubuhi sikufungua kibanda. Nilifika nyumbani jua likiwa bado si kali. Sikusalimia vizuri hata. Nilichukua nondo nikaanza kuchoma ardhi kuzunguka nyumba, nikisikiliza kama kuna mahali inapoingia kirahisi. Kila mahali iliingia kirahisi. Mvua ilikuwa imenyesha. Nikampigia mtu wa kuchimba vyoo aje, akasema yuko Awendo, atakuja keshokutwa. Keshokutwa. Nikarudi kwa mama, nikamweleza yote kwa pupa: jembe, omena, zizi, ufa. Nikamwambia afunge nguo zake, leo hii tunaondoka.

Alisema haendi.

Nikasema nyumba itammeza. Akasema nyumba hiyo imesimama tangu kabla sijazaliwa. Nikasema hata zizi lilikuwa limesimama. Akaniambia nipunguze sauti, majirani watadhani kuna msiba. Nami nikafanya jambo ambalo bado linanitia aibu: niliingia chumbani, nikakunja godoro lake, nikalitoa nje nikaliweka juani. Nikarudi nikatoa sanduku la nguo. Nikarudi nikatoa Biblia, kitabu cha nyimbo na viatu vya Sabato. Mama alibaki amesimama mlangoni akinipisha kila nilipopita. Niliporudi mara ya nne nilimkuta amelishika lile jembe, ambalo nilikuwa nimelitupa barazani nilipofika.

"Njoo," akasema.

Tunaongea Kijaluo mimi na yeye. Haya nayaandika kwa Kiswahili jinsi nilivyoyasikia. Alinipeleka hadi pale nilipochimba, akapita, akasimama kwenye migomba. Akaukanyaga udongo kwa kisigino. Akasema hapa ndipo palipokuwa mdomo wa shimo. Kisha akaanza kutembea akishuka kuelekea mtoni, taratibu, akihesabu hatua kwa midomo bila sauti, na nyumba ikawa nyuma yetu, mbali zaidi kila hatua. Alisimama karibu na ua wa mikatani.

"Mwisho ni hapa. Haligeuki, halirudi nyuma. Ufa wa ukuta ni baba yako, alichanganya saruji kidogo."

Nikamuuliza amejuaje. Nilikuwa bado mjinga, nilidhani ataniambia baba ndiye aliyechimba.

"Nililichimba mimi," akasema.

Alinieleza hapohapo, tumesimama. Ilikuwa kabla ya mimi kuzaliwa. Baba alikuwa Awendo kwenye miwa, akija mwisho wa mwezi, na alipokuja mama aliziona siku zile ndefu kuliko mwezi wenyewe. Hakutaka kuniambia zaidi ya hapo kuhusu baba, nami sikumlazimisha. Alilipeleka jembe lake kwa mhunzi, akaokota kipande cha bomba, akaanza kuchimba mchana baada ya kutoka shambani. Udongo aliutoa kwa karai akautawanya katikati ya mahindi. Watu walimwona kila siku na udongo mikononi, wakamsifu kwa baba kwamba ameoa mkulima. Sabato peke yake ndiyo hakuchimba. Alilisema hilo kwa uzito, kana kwamba ningemshtaki.

"Ulikuwa unatafuta nini?" nikauliza.

"Cha kunitoa hapa. Misimu mitatu, nyathina, mwanangu. Nilipata vumbi tu, la kujaza ukucha. Kisha nikakubeba wewe tumboni, tumbo likakataa kupita, nikalifukia shimo."

Nililia, sifichi. Sikujua namlilia yeye au najililia mwenyewe, mtoto ambaye alizaliwa kwa sababu ardhi ilikuwa haina dhahabu. Na katikati ya kulia hasira yangu ya miaka minane ikatoka. Nikamuuliza, kama alijua hivyo, kama yeye mwenyewe alilala kwenye shimo misimu mitatu akijichimbia njia, mbona mimi alinipandisha kwenye gari nirudi.

Alikuwa akiukwangua udongo kwenye ile ncha kwa kidole gumba.

"Ulikuja na sanduku tu," akasema. "Hukuchimba, hukujificha. Ulitoka mlangoni ukapanda gari. Nilikuona unakunywa uji wangu na nilikuchukia siku ile. Nilikuonea wivu."

Hakuna jambo ambalo mama amewahi kuniambia lililonipiga kama hilo. Nilimshika mkono, akaniachia kidogo, kisha akautoa kwa sababu alikuwa anataka kujifuta pua.

Tulirudi nyumbani. Sikuwa na la kufanya tena. Nyumba ilikuwa salama, mtu wa vyoo nikamwambia asije. Nikaenda kuliinua godoro nilirudishe ndani, nikiona haya mbele ya majirani ambao sasa walikuwa wamesimama njiani wazi kabisa. Mama alikuwa ameketi juu ya lile sanduku la nguo, uani, katikati ya vitu vyake.

"Liache," akasema.

Nikamwambia jua litaliharibu. Nikamwambia hakuna hatari, amenionyesha mwenyewe, anaweza kukaa.

"Najua hakuna hatari," akasema. Akavaa viatu vya Sabato, kimoja kisha kingine, ingawa ilikuwa Jumatano. "Gari la mwisho la Homa Bay linapita saa ngapi?"