Kidole cha Karani

Katika jengo lile la ghorofa mjini Cleveland, mama aliyeandika kumbukumbu za kamati ya kugawa nyumba aliitwa na wakazi Karani tu. Kila kikao aliingia na sweta lake la kijivu, akachonga penseli kwa kisu, kisha akasoma polepole barua za waombaji wa nyumba, kidole gumba kimefunika jina la mwombaji. Verna, aliyekuwa mgeni katika kamati, hakuchoka kukitazama kidole hicho.

Jioni moja ilisomwa barua ya saba. Mwenyekiti, Bwana Petrak, akaegemea kiti. "Hawa wana watoto wangapi? Na wanasali wapi?"

Karani akainua penseli. "Sheria hairuhusu kumnyima mtu nyumba kwa hayo, bwana. Ila ukitaka swali liingie kwenye kumbukumbu, nitaliandika, na jina lako mbele yake."

"Ah, mama, mimi nauliza tu."

"Na mimi naandika tu."

Petrak akakohoa. "Basi, liache. Kipato chao kinatosha?"

"Kinatosha."

Mikono ikanyooshwa, wakapewa nyumba. Verna naye alinyoosha wake, huku akilimeza kimyakimya swali lililokuwa limeshamfika ulimini: kwani hao wametoka nchi gani?