Ikishakutana na Maji

Miaka ile ya hamsini, mgeni aliyeulizia pombe nzuri Kiyeyi alionyeshwa kwa Akumu kwa kidole tu. Hakuna aliyemsindikiza mpaka mlangoni. Akumu alikuwa mjane ambaye matanga ya mumewe hayajafungwa, na kamba ya mgomba ya msiba ilikuwa bado shingoni mwake. Mjane wa namna hiyo haweki mrija katika chungu cha wenzake. Huketi kando, husalimiwa kwa mbali, na akicheka watu humwangalia.

Dawa yake ilijulikana. Alitakiwa apike pombe ya wimbi, yaani ulezi, kisha Luke, kaka mkubwa wa marehemu mumewe Fabiano, aje atie mrija wa kwanza na kuikata ile kamba. Baada ya hapo ndugu wangetamka mbele ya watu nani atakayemrithi na kumtunza mjane. Luke, karani wa stesheni ya reli ya Tororo, aliijua vizuri hiyo sehemu ya mwisho. Alikuwa na mke mjini na nyumba ya bati. Ndiyo maana njia ya Kiyeyi, ambayo baiskeli huimaliza asubuhi moja, kwake ilikuwa ndefu kama ya kwenda Mombasa.

Akumu alijua kungoja, maana alifundishwa na pombe. Ya ndizi aliidharau: leo tamu, kesho siki. Ya asali aliiheshimu, kwani ukiiziba vizuri huacha utamu wa kitoto na kupata nguvu. Lakini ya wimbi ilikuwa na tabia mbili. Unga wake ukikandwa, ukafungwa kwa majani ya mgomba na kufukiwa shimoni mpaka ukachacha, kisha ukakaangwa na kuanikwa, hukaa msimu hata msimu, na kadiri unavyokaa ndivyo pombe yake inavyotulia kichwani. Ila ukishautia maji na kimea, basi. Hapo haingoji mtu. Siku yake ikipita, ni ya nguruwe.

Mara ya kwanza Luke alipotuma habari kwamba anakuja, Akumu alitia maji. Aliketi karibu na chungu akisikiliza pombe ikitokota yenyewe bila moto, kama watu wanaonong'ona chumba cha pili. Kisha minong'ono ikapungua, ikanyamaza, na Luke hakuja. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Alipokuwa akiimwaga migombani, Teopista, jirani yake, alisimama nje ya ua.

"We Akumu, huyo shemeji yako ameoa stesheni?"

"Ana kazi nyingi."

"Kazi! Mbona treni yenyewe hufika?"

Mara ya tatu Luke alituma chupa. Zililetwa na Omaido, mchuuzi wa Busia, kwenye kapu nyuma ya baiskeli.

"Mama, shemeji nasalimia wewe. Anasema hii bia ya chupa haina haraka. Weka tu ya matanga, yeye nakuja."

"Anakuja lini?"

"Hiyo hakunipa nibebe."

Bia ya chupa ilikuwa jambo geni Kiyeyi. Akumu aliigeuza chupa moja, akaiweka sikioni. Kimya. Akawaza: kama unga uliofungwa kwa majani hukomaa ardhini, je, hii iliyofungwa kwa chuma? Akachimba shimo, akaifunika kila chupa kwa jani, akafukia. Siku za baridi aliwasha moto mdogo juu yake, kama unavyofanyiwa unga mvivu wa kuchacha. Mvua ilinyesha, mvua ikaisha. Alipopita pale alipunguza mwendo. Angalau kulikuwa na kitu kilichongoja pamoja naye.

Jumapili moja Luke akatokea kweli, na suti yake ya kanisani, pamoja na Ofumbi, mdogo wake. Akumu alifukua kwa mikono yake mwenyewe. Baadhi ya chupa zilikuwa zimepasuka. Luke akafungua moja iliyobaki nzima. Haikutoa hata povu. Akaonja, akatema.

"Shemeji, hizi umezifanyaje?"

"Nilizifukia zikomae."

Ofumbi akajipiga paja. "Amezizika! Luke, bia yako nayo inadai matanga!"

Luke hakucheka. Akumu alimtazama usoni, akaona kitu ambacho hakukitarajia: si hasira, bali nafuu, kama ya mtu aliyesamehewa kodi.

"Basi leo haiwezekani," Luke alisema, tayari ameshika baiskeli. "Tia maji ile yako. Jumamosi nitakuja, Mungu akipenda."

Akumu aliwasindikiza mpaka mwisho wa shamba. Kisha akaenda kuangalia unga. Ulikuwa umebaki wa chungu kimoja tu. Akaukusanya wote, mpaka vumbi la mwisho, akautia maji.

Jumamosi pombe iliiva vizuri kuliko zote alizowahi kupika. Ilinong'ona mpaka saa sita, ikaanza kutulia. Njia ilikuwa tupu. Jioni ingekuwa imeshaanza kuwa siki. Akumu akakitoa chungu uani, mahali pa kuonekana, akamimina maji ya moto, akachukua mrija mrefu uliowekwa kwa ajili ya kaka mkubwa, akautia.

"Akumu!" Teopista aliita kutoka uani kwake. "Hajafika mtu!"

"Najua."

"Sasa nani anatia mrija?"

Mdomo wa Akumu ulikuwa umeshafika kwenye mrija. Alivuta taratibu. Unga ulikuwa umekaa sana. Pombe ilishuka bila ugomvi. Kisha akaishika ile kamba. Fundo lilikuwa limekazwa na jasho la mwaka mzima, halikufunguka, akaikata kwa kisu cha kumenyea ndizi.

Teopista akafanya ishara ya msalaba, akaingia ndani. Mlango wake ukafungwa.

Akumu akaongeza maji ya moto. Chungu kilikuwa cha watu wengi. Akavuta kigoda karibu, akaendelea kunywa.