Nilivyopamba kichupa cha kipimo cha Mama Furaha kule Kakuma

Wakuu, habari za huko mliko.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu, leo nimeleta kisa changu mwenyewe. Sitaongeza chumvi, maana wapo watu wa Kakuma wanaosoma hapa na wataniumbua mchana kweupe.

Mwaka 2012 nilipata transfer kwenda Lodwar, karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali. Mimi ni mtu wa Kakamega, nimezoea mvua ya kila alasiri. Lodwar nilikuta jua lisilo na mzaha na jioni zisizo na la kufanya. Mke na watoto walibaki nyumbani.

Hobby ilianza hivi. Nilimaliza jemu, nikaona kichupa ni kizuri mno kutupwa. Nikakichora maua, nikaweka vijiti vya meno. Cha pili kikawa cha chumvi. Mwezi haukuisha, wenzangu ofisini wakawa wananiita Mama Maua, mimi na ndevu zangu zote. Na ni hao hao waliokuja mmoja mmoja kuniomba vya kupelekea wake zao.

(Kwa anayetaka kujaribu: loweka kichupa kwenye maji moto yenye sabuni mpaka karatasi itoke. Gundi inayobaki isugue na mafuta ya kupikia, halafu pangusa na thinner. Tumia rangi ya mafuta, ile ya maji inabanduka ukiosha. Na kama uko Lodwar, paka asubuhi na mapema. Saa nne ikifika, rangi inakaukia kwenye brashi kabla haijagusa kioo.)

Tuendelee.

Kila baada ya wiki mbili kazi ilikuwa inanipeleka Kakuma. Huko sokoni nilikuwa na rafiki, Mama Furaha, mkimbizi kutoka Bukavu, Kongo. Alikuwa anauza mafuta ya kupikia na chumvi. Aliposikia ugonjwa wangu wa vichupa, akaanza kuniwekea vitupu kwenye beseni chini ya meza yake. Nikifika, nachukua, tunapiga stori, naondoka.

Siku moja mwanzoni mwa 2013 nilimkosa. Jirani yake akaniambia ameenda mazoezi ya kwaya. Beseni lilikuwa mahali pake na vichupa vitano ndani, safi, vimeinamishwa. Nikazoa vyote, nikaacha salamu.

Kimoja kilikuwa na mstari mwekundu wa rangi ya kucha ubavuni. Nikadhani ni uchafu. Thinner ikaufuta mara moja.

Basi hicho ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Nikakipaka rangi ya samawati kote, nikachora maua ya njano na vidoto vyeupe mdomoni. Nikasema hiki sitampa mtu wa ofisini, hiki ni asante ya Mama Furaha.

Wiki mbili baadaye nikampelekea, nimekifunga kwenye gazeti, natabasamu kama bwana harusi.

Akakifungua. Akapitisha kidole mdomoni mwa kichupa, palipokuwa na kipengo kidogo. Akakaa chini.

"Papa Karani," akasema polepole, "hii ni kipimo yangu. Uliikamata wewe?"

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze.

Hapo ndipo nilipoelezwa ambayo sikuwahi kuyaona, kwa sababu mafuta yangu nanunua Lodwar. Mteja anakuja na chupa yake, Mama Furaha anamimina mafuta kwenye kile kichupa cha kioo, yanafika kwenye mstari mwekundu, wote wawili wanaona, ndipo anayahamishia kwenye chupa ya mteja. Siku ile alikuwa amekiosha, akakiinamisha kwenye beseni kikauke, na salamu zangu jirani alisahau kuzifikisha.

Kwa wiki mbili alikuwa anapimia kikombe cha bati. Wateja walikuwa wanasema amekificha kipimo cha haki makusudi. Nusu yao walishahamia meza za wengine. Kwaya pia walikuwa wameanza kumwangalia vibaya.

"Wanasema naiba," akaniambia. "Mimi sina kitu ingine hapa. Niko na jina tu."

Nikatafuta wembe, nikaketi pale pale chini kukwangua maua yangu. Watu wakaanza kukusanyika. Kioo kilipotakata, tatizo likawa lile lile: mstari ulikuwa wapi?

Mama Furaha akaweka kidole. "Hapa."

Mmoja akasema hapana, ulikuwa juu zaidi. Mwingine akasema juu zaidi ya hapo. Kila mtu alikuwa anaupandisha. Mimi nilichokuwa nacho ni pole, na pole haipimi mafuta.

Ndipo akaja Nakiru. Huyu ni mama wa Kiturkana, mwenyeji wa pale, mteja wa siku nyingi, mtu wa maneno machache.

"Ejok," akasalimu, akauliza kuna nini. Akaelezwa. Akatoa chupa yake ndogo ya plastiki kwenye kikapu, akatuonyesha alama iliyokwaruzwa kwa kisu ubavuni.

"Mimi iko na alama yangu," akasema. "Siku ya kwanza nilinunua, nilikata hapa, pahali mafuta ilifika. Kila siku naangalia, kama anapunguza."

Watu wakasogea kuiona.

Akaomba mafuta yajazwe kwenye chupa yake mpaka kwenye alama. Yakajazwa. Akayamimina kwenye kichupa cha kioo, taratibu, mpaka tone la mwisho.

Yalifika kwenye kidole cha Mama Furaha. Hayakupita, hayakupungua.

Sijawahi kufurahia mafuta ya kupikia kiasi kile. Watu walipiga makofi. Mama Furaha hakupiga. Alikuwa anamwangalia Nakiru.

"Mwaka muzima ulikuwa unanipima?"

"Kila siku."

"Na hukuniambia?"

"Ningesema nini?" Nakiru akajibu. "Mafuta ilikuwa inafika."

Mama Furaha alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Wateja walirudi siku ile ile.

Mstari mpya niliuchora mimi, kwa rangi ya mafuta, huku watu kama kumi wakinisimamia kichwani. Ua nililoruhusiwa lilikuwa moja tu, dogo, chini kabisa ya kitako.

Nilichojifunza: kabla hujapamba kitu cha mtu, uliza kinafanya kazi gani. La pili nililipata kwa Nakiru. Kuna watu wanakukagua miaka bila kukwambia, na siku ukisingiziwa ndio watakaokuwa na ushahidi.

Karibuni kwa maoni, na matusi kidogo nayastahili. Wewe kuna mtu aliwahi kukupima kimyakimya? Alikuta imefika?